Trela Nzima

Wazazi wake walimpa jina Tulia, na lile lilikuwa ombi zaidi kuliko jina. Kule Tukuyu, akiwa bado na sare ya shule ya msingi, aliwahi kusimama katikati ya soko akaligeuza juu chini kopo la kupimia la muuza mchele, ili kila mnunuzi aone jinsi kitako chake kilivyobonyezwa kwa ndani. Sasa ni mama mtu mzima, anapima maji katika maabara moja ya Saint Paul, Marekani, ana mume na binti na nyumba Inver Grove Heights, na bado hajatulia. Akidanganywa huwaka. Akiona mwingine anadanganywa huwaka zaidi.

Jumamosi ile ya Oktoba alikuwa amekwisha kuwaka kabla hata wageni hawajafika.

Kisa kilikuwa trela. Trela ya zamani, ya kuvutwa nyuma ya gari, imemzidi Tulia mwenyewe kwa umri. Ina rangi ya krimu na mstari wa kijani ubavuni, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, meza inayogeuka kitanda, na jiko dogo la gesi ambalo kila mwanamke aliyeliona alisema, "Jamani, linapendeza!" Mumewe, Geofrey, aliikuta kwa mtu mmoja ng'ambo ya mto, upande wa Hudson, akapendezwa, akalipa, akaja nayo nyumbani bila kumuuliza mtu. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe akalivuta kwa gari lake mpaka mlangoni.

Rangi ilikuwa mpya kwa sababu ilifunika kuoza. Mvua ya kwanza iliingia kwa paa. Sakafu karibu na choo ilibonyea kama mkate uliomwagiwa chai. Hayo yote Tulia aliyameza. Asichoweza kumeza ni usiku wao mmoja na wa pekee wa kulala humo, kule kaskazini ziwani, baridi ilipokuja wakawasha hita ya gesi. Waliamka vichwa vinagonga, na binti yao Shekinah anatapika. Fundi aliifungua hita akaonyesha ufa katika chuma cha ndani: ile hewa ya sumu ya moto, isiyo na rangi wala harufu, ilikuwa inamwagika walimolala badala ya kutoka nje. "Mna bahati dirisha moja halifungi vizuri," fundi alisema. Tulia alifunga utepe mwekundu kwenye bomba la gesi, mizunguko mingi, akaapa kwamba yeyote atakayeinunua trela ile ataambiwa kila kitu.

Na alimwambia wa kwanza. Mzee mmoja wa Stillwater, Mmarekani anayefufua trela za zamani, alikuja na tochi yake. Tulia akamtembeza: hapa pameoza, hapa panavuja, hii hita inaua. Mzee akagonga kuta kwa kidole, akashukuru, akasema hita ataing'oa, sakafu ataing'oa, atabakiza mifupa tu. Wenzetu hao wana maneno yao mawili madogo ya biashara hiyo: *as is*. Ilivyo. Unasema kilivyo, anachukua kilivyo, mnapeana mikono. Lakini bei aliyotaja mzee ilimchoma Geofrey. Geofrey alikuwa ametamba kwa marafiki kwamba ataiuza kwa bei ileile aliyoinunulia, na mwanamume akishatamba ni kazi kumshusha. Akachukua simu, akatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la Waafrika Mashariki wa huku: "Ndugu zangu, nauza trela nzima, na godoro lake, na masufuria yake. Karibuni."

Ndipo alipopatikana Francis.

Francis alikuwa Mkenya wa Brooklyn Park, mtu wa Meru, anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Alifika na gari kubwa la kuazima, la kuvutia trela, na kando yake dada yake mdogo, Kendi. Kendi alikuwa ameingia nchini kiangazi hicho. Alishuka kimya, akamsalimu kila mtu kwa mkono, mtoto mchanga amefungwa mgongoni kwa leso chini ya koti kubwa la kiume.

"Karibuni," Tulia alisema, macho yake yakienda kwa yule mtoto. "Ni ya kwenda nayo safari?"

"Safari gani, Mama Shekinah!" Francis alicheka. "Ni ya huyu na mtoi wake. Kwangu tumejazana, manager ameanza kelele. Kuna rafiki amenipatia space nyuma ya nyumba, wata-stay hapo hii winter mpaka apate kwake. Si nilimwelezea Baba Shekinah yote kwa simu?"

Tulia aligeuza shingo pole pole. Geofrey alikuwa ameinama anakagua gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote. Damu ilimpanda Tulia mpaka masikioni. Alijua! Aliambiwa kuna mtoto, aliambiwa ni majira ya baridi, akakata simu akaja kula chakula cha jioni bila kusema neno.

Lakini mbele ya wageni watu hawagombani. Tulia akavuta pumzi, akafungua trela.

"Ndugu yangu Francis, mimi naiuza hii ilivyo," alisema. "Kwa hiyo nikuonyeshe ilivyo."

"Ilivyo ni sawa tu. Nimeambiwa ni nzima."

"Si nzima. Sakafu hii imeoza. Paa linavuja hapa na hapa. Na hii hita usiiwashe kabisa, ina ufa, inatoa sumu. Nimeifunga utepe mwekundu, tazama..."

Akainama chini ya hita. Utepe haukuwepo. Bomba lilikuwa jeupe, limefutwa vizuri, linang'aa. Alibaki pale amechuchumaa kwa muda, mkono umeshika bomba, maana alihofia akisimama atampiga mtu.

"Nani ameutoa utepe?"

"Ulikuwa unachafua sura tu," Geofrey alijibu kutoka nje, sauti laini, ile sauti yake ya kanisani. "Mama Shekinah hupenda kuogopesha watu. Msimjali."

Francis alimtazama mke, akamtazama mume, kisha uso wake ukabadilika. Na hapo lazima tumwelewe, maana hakuwa mjinga. Kwetu sisi, awe wa Tukuyu au wa Meru, muuzaji kazi yake ni kusifia na mnunuzi kazi yake ni kukosoa. Wakutane katikati, bei ipatikane. Muuzaji akianza kukikosoa chake mwenyewe, mnunuzi hasikii ukweli. Anasikia kwamba hatakiwi.

"Sasa nimeelewa," Francis alisema. "Baba Shekinah aliniambia kuna mzungu pia anaitaka. Huyo ndiye unamwekea, sindiyo? Mimi nime-drive kutoka Brooklyn Park, nimekuja na cash, na wewe unanipigia story za floor. Kama hutaki kuuzia Mkenya, si useme tu?"

"Kumwekea nini? Nakuokoa!"

"Mimi sijaomba kuokolewa. Ni vile mnatuona sisi watu wa kulala kwa sebule, mnafikiria hatuwezi nunua kitu poa."

"Kitu poa?" Tulia alipaza sauti mpaka jirani wa pili akasogeza pazia. "Hiki kitu poa? Unajua nimelia mara ngapi kwa ajili ya hiki kitu? Unajua mwanangu alitapika humu ndani? Nakwambia mbovu, wewe unasikia nakutukana! Nimwambie mzungu anishukuru, nimwambie ndugu yangu anitukane! Nikuambie kwa lugha gani? Imeoza! Imeoza, Francis!"

Na kila aliposema imeoza alipiga mguu chini, na mara ya mwisho sakafu ikakubali. Mguu wa kulia ulizama kwa mlio wa ubao uliolowa, kiatu kikatokea chini, kwenye nyasi za uani, na Tulia akabaki amekaa upande, goti la pili limefika shingoni, gauni limepanda.

Kama si hasira ingekuwa kichekesho. Francis ndiye aliyemshika makwapani akamtoa. Muundi ulikuwa umechunika, damu inateremka kwenye soksi. Francis akachungulia lile shimo, akaona majani makavu chini yake, na ukali wote ukamwisha.

"Pole, mama," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akatoka nje kumkabili Geofrey. "Lakini bwana, si ulisema ni nzima?"

"Nilisema trela nzima!" Geofrey alijibu haraka mno, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni. "Nzima, yaani yote! Pamoja na godoro, pamoja na masufuria. Sikusema haina kasoro. Rudia kusikiliza. Kiswahili cha Kenya na chetu hakifanani, ndugu yangu."

Tulia alikuwa anashuka ngazi akichechemea, akasimama. Aliishi na mtu huyu, alimzalia mtoto, na sasa anamwona amejificha nyuma ya neno moja. Nzima, yote. Nzima, yenye afya. Hakuna Mtanzania wala Mkenya asiyejua kwamba neno lile lina pande mbili, na Geofrey alilichagua kwa sababu ya pande zake mbili. Hasira ya mwanzo ilikuwa ya moto. Hii iliyokuja sasa ilikuwa baridi, na ilimtisha yeye mwenyewe.

"Floor naweza ku-fix," Francis alisema taratibu, bado anataka kuamini, maana hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka dada yake. "Mbao ni mbao. Niambie tu hiyo hita. Wewe ni mwanaume kama mimi, niambie ukweli. Iko sawa ama haiko?"

Geofrey alimtazama machoni. "Hita haina shida yoyote. Fundi alitia chumvi, si unawajua mafundi wa huku, wanataka hela. Washa tu, mtoto atalala vizuri."

Washa tu. Mtoto atalala vizuri. Tulia alisikia maneno yale yakitoka kwenye mdomo anaoubusu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Halafu tungepitisha mchango kwenye kundi," alisema, "wa kusafirisha maiti mbili mpaka Meru. Na wewe ungekuwa wa kwanza kutoa, Geofrey. Ungeandika na aya ya Biblia."

"Mama Shekinah, usinidhalilishe mbele ya wageni."

"Sikudhalilishi. Nataka kukuamini." Akafungua mlango wa trela mpaka mwisho. "Ingia."

"Niingie nini?"

"Ingia ulale. Godoro lipo, umesema mwenyewe. Mtungi wa gesi huu hapa, umejaa. Mimi nitawasha hita, nitafunga mlango, na lile dirisha bovu nitaliziba kwa taulo. Halafu nitawakaribisha wageni ndani tunywe chai. Tukimaliza tutakuja kukuamsha."

Geofrey alicheka, akamtazama Francis ili wacheke pamoja. Francis hakucheka.

"Ingia, Geofrey. Baridi ya leo ni kidogo, huhitaji hata blanketi. Kama fundi alitia chumvi, utaamka umeshiba usingizi, mimi nitakupigia magoti hapa hapa uani nikuombe radhi, na trela Francis ataichukua leo hii."

Hakusogea. Tulia alimshika mkono wa shati, akamvuta hatua moja kuelekea mlangoni, na Geofrey, mtu mpole, mtu wa sauti laini, akajinyakua kwa nguvu mpaka kifungo cha shati kikakatika.

"Tulia, una wazimu?" alifoka. "Unataka kuniua mbele ya watu?"

Francis aliangalia chini. Geofrey mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia alichosema, na uso wake ulipobadilika walikuwa wote wanamtazama.

Kendi alikuwa hajafungua kinywa tangu salamu. Alimsogelea Geofrey, akasimama karibu naye kabisa, mtoto amelala mgongoni mwake mdomo wazi.

"Kumbe unajua," alisema.

Kisha akaipandisha leso, akamkaza mtoto vizuri, akaenda kukaa ndani ya gari.