Kichupa cha Karani

Mwaka mzima nilikuwa sijagusa pombe, na mwaka huo mzima hakuna aliyeniacha karibu nayo. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa kamati ya kunilinda iliyatangaza kanisani kila Jumapili kama jambo moja.

Ndiyo, kamati. Mimi mtu mzima, dobi mwenye mikono iliyopauka kwa maji, nilipangiwa kamati ya akina mama watatu. Wakinisindikiza nyumbani wananizungusha nyuma ya soko, nisije nikauona hata mlango wa baa. Dawa yangu ya kikohozi waliinusa wao kwanza. Na mkubwa wao, Shangazi Haleluya, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha maiti, alikaa kila asubuhi mlangoni pa chumba changu cha kufulia akipekua mifuko ya nguo za wateja kabla hazijanifikia, eti mtu asije akasahau kitu cha kunikwaza. Ikifika Jumapili ananisimamisha mbele ya watu: "Mwoneni dada yetu! Ameshinda!" Nimeshinda nini, jamani? Nimepigana na nani? Bwana wetu mwenyewe alikaa jangwani siku arobaini, wala sijasikia kwamba kuna kamati iliyomsindikiza.

Lakini nilinyamaza, kwa ajili ya binti yangu. Ana miaka tisa. Dada yangu mkubwa ndiye anayemlea, tangu ile siku nilipomsahau shuleni, nikaja kukutwa nimelala chini ya meza ya baa na kiatu kimoja. Sijitetei. Dada hakugomba hata kidogo, alimchukua tu mtoto na nguo zake. Sasa alikuwa ametuma neno: "Jumamosi nakuja naye. Nikikukuta mzima, atabaki kwako. Nikikuta umeonja, usimtafute tena." Dada yangu huyo hana utani.

Basi Jumatano ya wiki hiyo hiyo Shangazi Haleluya akateguka mguu, akalala kwake. Wenzake wawili kila mmoja akadhani mwenzake yuko kwangu. Hiyo ndiyo kamati! Nikapekua mifuko mwenyewe, na ndani ya koti la karani wa posta, mtu mpole asiyeongea, nikatoa kichupa bapa cha pombe kali, kimebaki nusu.

Najua utasema ningemwaga. Thubutu! Kwetu sisi madobi, kinachokutwa mfukoni kinafungiwa kikaratasi chenye jina la mwenye nguo, kinawekwa rafuni, kinarudi kama kilivyokuja, iwe kifungo, iwe barua ya mchepuko. Dobi anayemwaga vya watu leo, kesho ataiba. Na karani huchukua nguo zake Jumamosi. Nikakifungia kikaratasi, nikakiweka rafuni juu ya meza ya pasi. Siku tatu nzima!

Siku ile ya kwanza nilikisuta. "Wewe ndiye uliyenilaza chini ya meza? Kitu chenyewe hakijai kiganja!" Nikafua huku naimba. Nikawacheka wanawake wa kamati, nikawacheka walevi wote wa mji, nikajiona nimefika. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo nilivuma kwelikweli.

Alhamisi saa nane mchana, jua linawaka, nguo zote ziko kambani, nikajikuta nimekishika kichupa mkono mmoja na kifuniko chake mkono wa pili. Sijui niliinuka saa ngapi. Harufu ikapanda puani, mate yakanijaa mdomoni. Nikaanza zile sala za kamati, ndefu, zenye maneno makubwa makubwa. Zikaniishia mdomoni. Aibu iliyonishika! Mwaka mzima nimepiga makofi, nimepaza sauti, kumbe sijawahi kumwambia Mungu neno moja langu mwenyewe. Nikasema, "Bwana, naitaka hii kuliko nilivyowahi kukutaka wewe. Huo ndio ukweli wangu. Nishike, mimi siwezi."

Hakuna radi iliyopiga. Harufu ilinukia vile vile. Nikarudisha kifuniko, nikakikaza mpaka kiganja kikauma, nikaenda kufua mashuka ambayo nilikuwa nimeshayafua. Ijumaa nikaomba ombi hilo hilo mara saba, na mara ya saba lilikuwa limebaki neno moja: "Nishike." Tamaa haikuondoka, asikudanganye mtu. Ila sasa nilijua wa kumwita, tena nilijua anaitika.

Jumamosi asubuhi kamati ikaingia kwa mkupuo, Shangazi mbele, anachechemea na fimbo. Akakiona. Weee, kelele!

"Shetani yuko rafuni! Kimwageni!"

"Kiache, Shangazi. Ni cha mteja."

"Kilikuja kimejaa?"

"Kilikuja nusu."

"Shahidi nani?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kuudhi. "Umeanguka, mwanangu. Tungekuwepo usingeanguka."

"Mngekuwepo, Shangazi, ningeendelea kusimama kwa miguu yenu. Na mmoja wenyewe umeteguka."

Hapo dada akatokea mlangoni, amemshika binti yangu mkono, begi liko mgongoni kwa mtoto. Shangazi, bila hata salamu, akainua fimbo akaielekeza rafuni. Dada akakitazama kichupa, kisha akanitazama mimi.

"Umeonja?"

"Sijaonja, dada. Alhamisi nilikifungua, nikanusa, nikakifunga."

Kamati nzima ikaguna. Ningeweza kuificha hiyo Alhamisi, nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka kuwa ushuhuda wa watu wengine. Uso wa dada haukuonyesha kitu.

Binti yangu ndiye aliyeachia mkono wake. Akaja mpaka kwenye beseni, akanivuta shingo niiname, akaweka pua yake mdomoni kwangu. Hakuna aliyemtuma. Alifanya taratibu, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliifanya miaka yote ile nilipokuwa nimelala. Akanusa mara moja. Akanusa tena.

"Sabuni," akamwambia mama yake mkubwa, akavua begi.