Fimbo ya Mkono wa Kulia

Nilikuwa nimezishika mbili, moja kila mkono, kama mtu anayepima kuku sokoni, na Abdulghani mwenye duka alikuwa ameshaniambia mara tatu kwamba uzito si hoja.

"Mama, hii si nyama," alisema. "Zivute. Sikiliza springi zake."

Nikazivuta. Zilikuwa joistiki, zile fimbo za kuendeshea ndege ndani ya kompyuta. Moja ilikuwa nyembamba, imesimama wima kama bua la mtama, sawa pande zote, na mkono wowote ungeishika. Ya pili ilikuwa imenona upande mmoja. Chini ilikuwa na ukingo mpana wa kulaza kiganja, na kidole gumba changu kilipopanda juu kilikuta vitufe vinne vinakisubiri kama watoto wa kipaimara. Hiyo ilichongewa mkono wa kulia tu. Kuishika kwa kushoto ni kama kuvaa kiatu cha mguu mwingine.

Asubuhi ile mjukuu wangu Shanice alikuwa amenipigia simu kutoka chuoni. "Bibi, chukua ya mikono yote. Umesikia? Ya mikono yote. Usidanganywe na vitufe." Yeye ndiye aliyemwagiza Abdulghani aziagize Mombasa, zikaja kwa basi ndani ya katoni ya maziwa.

Duka lilikuwa na feni moja iliyozunguka bila kufanya kazi yoyote, kama askari wa benki. Sikuweza kutulia. Nilienda hadi kwenye vifuniko vya simu, nikarudi. Nikaenda hadi mlangoni nikatazama vumbi jekundu la Voi likipita barabarani, nikarudi tena.

"Hii iliyonona," nikauliza, "mtu wa kushoto hawezi kabisa?"

"Ataumia kifundo. Na Shanice kaniambia mzee mkono wake wa kulia una udhaifu. Mpe hii nyembamba, acheze, afurahi."

"Na kama sitaki afurahi?"

Abdulghani aliniangalia, kisha akatafuta mahali pengine pa kuweka macho. Nina uso ambao watu hawajui kama unatania. Umenisaidia maisha yangu yote.

*

Hudson, mume wangu, aliendesha treni za mizigo miaka thelathini na minne. Januari ya mwaka ule alikuwa kitandani akivaa viatu vya kwenda kanisani, akaniambia, "Hii kamba imekufa." Niliitazama kamba. Haikuwa na shida. Ni mkono uliokuwa umekufa, na mguu nao ulikuwa unaufuata.

Mguu ulirudi, ingawa kwa kuburuta. Mkono ulikataa. Dada wa mazoezi pale hospitalini alimpa mpira mdogo wa kufinya, akanivuta kando na kuniambia kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya kuuamsha mkono, na kwamba ukiachwa ulale sana utasahau njia ya kurudi. Nilimwuliza, "Miezi mingapi?" Akasema sita, pengine zaidi, pengine pungufu. Madaktari wana namna ya kukupa saa isiyo na mishale.

Hudson aliufinya mpira siku mbili. Siku ya tatu alimtupia mbwa wa jirani yetu Kitonga mpira huo, kwa mkono wa kushoto, na kwa shabaha nzuri sana. "Mimi si mtoto mchanga," alisema.

Basi mkono wa kushoto ukawa mjanja. Ulijifunza kijiko, ukajifunza wembe, ukajifunza hata kuandika jina. Wa kulia ukakaa mapajani kama mgeni aliyesinzia kwenye harusi. Kitu kimoja tu ndicho mkono wa kushoto haukuweza, nacho ni kujifunga saa. Ni kwenye mkono huohuo ilipokaa saa yake siku zote, na mkono haujifungi wenyewe. Kila asubuhi alininyooshea, nami nikamfunga, tundu la tatu.

Saa ya nini, mtu aliyestaafu? Ya kuitegea treni mpya inayopita juu ya tuta. Hudson alisimama mlangoni, akaitazama, akatazama saa, akasema, "Imechelewa dakika mbili," kwa hasira ya mtu aliyeibiwa. Kisha akaenda hadi kwenye geti. Kisha akarudi kwenye kiti. Kisha mlangoni. Nyumba yetu ikawa kama stesheni ambayo treni haiji na abiria hawataki kuondoka.

Shanice alipokuja likizo aliweka kompyuta yake juu ya meza ya chakula. Alikuwa na gemu ya anga za mbali, mtu anabeba mizigo kwa chombo kutoka stesheni moja hadi nyingine huko kwenye nyota. Hudson alisimama nyuma yake wiki nzima bila neno. Siku ya nane akasema, "Unapiga breki umechelewa."

Niliacha kukaanga vitunguu. Hilo lilikuwa neno la kwanza tangu Januari ambalo halikuwa lalamiko, ingawa nalo pia lilikuwa lalamiko.

Shanice alirudi chuoni na kipakatalishi chake, ile kompyuta ya mezani akatuachia. Alisema vitufe vya kawaida vingemshinda babu, vinataka mikono miwili na vidole vyote. Babu alihitaji fimbo.

*

"Nipe iliyonona," nikamwambia Abdulghani.

"Shanice ataniuliza."

"Mwambie ile nyembamba iliharibika njiani."

"Mama, nimefunga. Ni Ramadhani."

"Basi wewe usiseme kitu. Nitadanganya mimi. Mimi ni Mwanglikana na Kwaresima imeshaisha."

Alicheka, akajikamata, akaifunga katoni. Akanipa hadi Ijumaa kabla ya swala: nikiirudisha nzima, atanibadilishia.

Nyumbani nilimwambia Hudson kwamba zilikuwepo za mkono wa kulia pekee. Nilimwambia kiwanda hakitengenezi nyingine, dunia nzima. Nilipomaliza nilikuwa karibu kuamini mwenyewe. Aliizunguka kama mtu anayekagua behewa, kisha akaishika kwa kushoto. Kifundo kikajipinda. Chombo kikajiviringisha kama kuku aliyechinjwa, kikaugonga mwamba, kikazimika.

"Rudisha," alisema.

Akaenda mlangoni.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano hakuigusa. Alhamisi hakuitazama, na mimi ndiye niliyekuwa sipati mahali pa kukaa. Nilifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilichambua mchele ambao haukuwa na mawe. Kama ningeirudisha, mkono wa kushoto ungecheza kwa raha zake na wa kulia ungelala moja kwa moja. Kama nisingeirudisha, asingecheza kabisa. Nilikuwa nimemnyima furaha ili nimpatie mkono, na sasa hakuwa na furaha wala mkono, na aliyefanya hivyo ni mimi, kwa akili zangu za darasa la saba na kiburi cha bure.

Ijumaa asubuhi katoni ilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa nimevaa na leso yangu ya kwenda mjini. Kilichobaki ni kuichomoa ile fimbo.

Sijui kwa nini nilikaa. Labda nilitaka kujua ni kitu gani kilichonishinda. Shanice alikuwa ameniandikia hatua zote kwenye karatasi ya daftari, kuanzia "Bibi, kwanza washa stima ukutani." Nilifuata moja moja. Chombo kikatokea, kimefungwa kwenye stesheni yake, kimejaa mashine za kuvuta maji za watu fulani wanaoishi kwenye sayari isiyo na mvua. Niliwaonea huruma. Hata sisi huku tunajua.

Nikasukuma fimbo. Tukaachana na stesheni.

"Unafanya nini?" Hudson aliuliza kutoka mlangoni.

"Naondoka."

"Nani amekupa njia?"

"Hakuna. Nimeondoka tu."

Hapa ni lazima nieleze. Reli ya zamani ilikuwa njia moja, ya kwenda na ya kurudi ni hiyohiyo. Dereva haondoki stesheni mpaka mkuu wa stesheni ampe njia, kwa sababu mbele huko pengine kuna mwenzake anakuja. Hudson aliwahi kukaa stesheni ya Maungu kwa saa nne, injini inanguruma, kwa sababu hakuna aliyempa njia. Kutoka Maungu hadi Voi ni karibu, na mimi nilikuwa Voi nikimzaa binti yetu Immaculate. Alijua. Kuna mtu alimpelekea habari kwa baiskeli. Hakusogea hata hatua moja. Alipofika mtoto alikuwa ameshaogeshwa na amelala. Sijamsamehe sawasawa, lakini kila mtu mwingine aliyekuwa kwenye njia ile siku ile alifika nyumbani kwake.

Huyo ndiye mtu niliyemwambia kwamba nimeondoka tu.

Nilisikia mguu ukiburuta nyuma yangu. Mbele, stesheni ya pili ilianza kukua, ina taa nyekundu.

"Ile ni nyekundu," alisema.

"Naiona."

"Punguza."

Sikupunguza. Nitasema ukweli sasa maana aliyekuwa akinikataza uongo, mama yangu, amelala Rukanga chini ya mlima miaka mingi: nilijua kitufe cha kupunguza kilipokuwa. Niliongeza.

"Punguza, Mama Immaculate. Hiyo ni mizigo ya watu."

"Mizigo ya watu, si yetu."

Aliinama juu yangu. Kwa sababu ya ule mguu ilibidi ajiegemeze mezani, na alijiegemeza kwa mkono wa kushoto, ule mjanja, ambao sasa ulikuwa umebeba mwili mzima na haukuweza kwenda popote. Ukabaki mmoja.

Ulikuja polepole, kutokea begani, kama ndoo inayopandishwa kutoka kisimani. Ukatua juu ya mkono wangu. Ulikuwa baridi na mzito kama unga uliolowa, na vidole havikushika kitu. Lakini ulikuwa umekuja.

Nikauchomoa mkono wangu chini yake taratibu sana, jinsi unavyouchomoa chini ya mtoto aliyelala ukiogopa ataamka. Wake haukuanguka. Ule ukingo wa kulaza kiganja, ambao Abdulghani aliniambia ni mbwembwe, uliupokea, ukaukalisha, ukaushikilia mkono ambao wenyewe haukuweza kushikilia. Hudson alivuta kwa bega. Fimbo ikarudi nyuma. Pua ya chombo ikainuka kidogo.

Tuligonga, bila shaka. Nusu ya mashine za maji zikatawanyika angani.

"Tumeharibu," nikasema.

"Umeharibu," akasema. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Hakuutoa mkono. "Leta kiti kingine."

Adhana ya Ijumaa ilipoita kutoka mjini, katoni ilikuwa bado mlangoni, na mimi nilikuwa nimevua leso.

*

Msidhani palitokea muujiza. Mtu aliyeendesha treni miaka yote hiyo hajawahi kukata kona kwa hiari yake, reli ndiyo iliyomkatia. Alichojua ni kwenda na kusimama. Miezi miwili alienda mbele tu, akipita pembeni ya stesheni aliyokusudia na kuniambia kwamba mhandisi ameiweka mahali pasipofaa. Alikataa vita. Maharamia wa angani walipomfyatulia risasi aliwapigia honi.

Na hakuondoka kamwe bila njia. Alikaa pale mezani chombo kikiwa kimewashwa, akaita, nami nilikuwa jikoni.

"Naomba njia."

"Njia ni yako, dereva."

"Kijani."

"Kijani, dereva."

Siku akiwa ameniudhi nilimnyima. Nilimwambia kuna treni inakuja kutoka upande wa pili, angoje. Alingoja. Nilipika ugali mzima, akingoja.

Kidole gumba kilisogea Juni. Cha shahada Agosti, kidogo, cha kutosha kubonyeza. Dada wa mazoezi aliuinua ule mkono akaugeuza huku na huku, akauliza tumekuwa tukifanya mazoezi gani. Hudson alimjibu kwamba anabeba mizigo. Yule dada akanitazama kwa wasiwasi, mimi nikatazama dirisha.

Mwezi wa Novemba alichukua bodaboda peke yake kwenda mjini kununua chaja ya simu. Alirudi, akaketi, akanyoosha mguu.

"Abdulghani anakusalimu."

"Nimepokea."

"Anasema ile nyembamba bado haijapata mtu."

Nikakoroga chungu, ingawa hakikuhitaji kukorogwa. "Nyembamba gani?"

"Sijui. Nimeiona tu ndani ya kabati la kioo. Inashikika pande zote."

Nilingoja. Baada ya muda akaita, "Naomba njia," na safari hiyo nilimpa haraka sana.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nje naanika nguo, nikamwona kupitia dirisha. Alikuwa ameketi kitandani. Alijiwekea saa juu ya kifundo cha kushoto, akaleta mkono wa kulia. Vidole viliukosa ukanda, vikaupata, vikaukosa tena. Nilisimama na shuka lililolowa, maji yakinitiririkia miguuni. Vikaupata. Vikaupitisha kwenye bizimu, vikavuta, vikatafuta tundu, vikalipata.

Aliitazama saa kitambo kirefu. Kisha akaifungua. Akairudisha mezani, palepale ninapoiweka mimi, akalaza mkono wa kulia mapajani.

"Mama Immaculate," akaita. "Saa."

Nikajifuta mikono. Nikaingia, nikaketi kando yake, nikamfunga, tundu la tatu. Treni mpya ikapita juu ya tuta, madirisha yakatetema.

"Imechelewa?" nikamwuliza.

"Sijaangalia," alisema.