Sufuria Nyuma ya Ekseli

Gari la mashindano halipaswi kufika kwenye mashindano kwa magurudumu yake. Pritesh alijifunza hilo mwaka 1995, alipoiendesha Subaru yake kutoka Shinyanga hadi Geita na kufika na shokapu mbili zimekufa. Wakaguzi wa klabu ya mashindano walimkatalia kuanza. Mwaka uliofuata alinunua tela la boksi lililofungwa pande zote, lenye mlango mmoja wa nyuma ambao ukishushwa chini huwa daraja la kupandishia gari. Alilitaka la kufungwa kwa sababu ya vumbi la barabara ya Kahama, na kwa sababu vipuri vya gari la mashindano vina tabia ya kupungua njiani.

Lililobaki ni gari la kulivuta. Marehemu baba yake alikuwa ameacha Land Cruiser VX yenye viti vya ngozi, ambayo haikuwahi kuvuta chochote isipokuwa macho ya watu. Kazi ya kuiandaa alipewa Bujiku, fundi mkuu wa kiwanda cha familia cha kuchambua pamba. Bujiku alikataa katakata kufunga chuma cha kuvutia kwenye bampa. Alikifunga kwenye chesisi, kwa bolti alizozichagua mwenyewe. Akaweka springi nzito nyuma, akapitisha nyaya za taa za tela, na kwa kuwa boksi lingeziba kioo cha ndani, akafunga vioo vya pembeni vyenye shingo ndefu.

“Sasa lina masikio ya punda,” Pritesh alisema alipoviona.

“Punda huona alichobeba, bosi.”

Msoma ramani wake alikuwa Noela, mpima ardhi wa ofisi ya mkoa, mwanamke aliyezoea kutembea porini na vigingi na asiyeamini umbali mpaka aupime. Msoma ramani wa awali alikuwa amehamia Kanada. Kwa misimu miwili Noela alijifunza kuandika kona na kuzisoma kwa sauti gari likirukaruka, lakini klabu haikumwandikisha mtu kuwa msoma ramani kabla hajaanza shindano moja. La mwaka jana, gari lilipokataliwa, aliliona akiwa amesimama kando ya uwanja, kofia ngumu mkononi. Mkuu wake wa kazi alimpa ruhusa ya safari hii akimwambia kwamba hatampa nyingine kwa ajili ya “mambo ya kukimbizana na vumbi”. Ukaguzi wa magari Geita ungefungwa saa tisa alasiri Jumamosi. Atakayechelewa haanzi.

Ijumaa jioni, Subaru ikiwa imeshapakiwa, Noela aliomba pua ya tela, yaani ule mkono wa mbele unaokaa kwenye kiungo cha gari, ipimwe uzito. Sababu yake ilikuwa rahisi: tela lenye pua nyepesi huyumba, na likiyumba sana, mkia ndio unaoongoza na gari la mbele hufuata. Bujiku aliburuta mizani ya kupimia pamba, wakaitua pua juu yake. Kilo mia na tisini. Watu watatu walihitajika kuinyanyua na kuirudisha kwenye kiungo. Noela aliridhika. Tela likafungwa kwa kufuli, ufunguo ukatundikwa jikoni.

Jikoni kulikuwa kwa Mamta, mama yake Pritesh. Kwa miaka thelathini mume wake alisafirisha pamba kwa malori, na hakuna lori lililotoka uani bila chakula cha watu wote waliomo, pamoja na wale ambao wangeweza kukutana nao. Mashindano ya magari aliyaona kuwa njia ya gharama ya kwenda mahali na kurudi palepale. Hata hivyo hakuwa mtu wa kumwacha mtoto aondoke na njaa.

“Nimewawekea chakula,” alisema alfajiri, akisimama kando ya VX. “Mle kabla hakijapoa. Na wagawieni wenzenu.”

“Asante, Mama.” Pritesh aliona kikapu kwenye kiti cha nyuma, kando ya Bujiku na matairi ya akiba, akawasha gari.

“Shikamoo, Mama Pritesh,” Noela aliwahi kusema kabla hawajaondoka.

“Marahaba, mwanangu. Mwambie aendeshe taratibu.”

“Leo taratibu, Mama. Kesho sitaweza.”

Mpaka Tinde barabara ilikuwa nzuri na hakuna aliyelalamika. Baada ya Kahama lami iliisha, na VX ikaanza kuwa na tabia ngeni: usukani ulikuwa mwepesi kupita kawaida, na kutoka nyuma zilisikika tutu, tutu, kila waliporuka shimo.

“Upepo,” alisema Pritesh.

Noela alitazama majani ya mtama kando ya barabara. Hayakutikisika.

Kwenye mteremko uliofuata Kakola, tela liliyumba kushoto, likarudi kulia, likaenda kushoto zaidi. Nyuma ya VX ilivutwa nalo.

“Usikanyage breki!” Noela alisema. “Achia mafuta. Shika usukani, usiugeuze.”

Pritesh aliachia mafuta. Mkia uliyumba mara mbili tena, kila mara nguvu zikipungua, ukatulia.

“Bujiku,” Pritesh alisema hatimaye, bila kugeuka. “Springi zako.”

“Springi zangu hazina mkia, bosi.”

“Zamani gari hili halikuyumba.”

“Zamani halikuvuta nyumba.”

“Umefunga kitu vibaya huko nyuma. Niseme nini kingine?”

Bujiku aligeukia kioo cha nyuma, akalitazama tela. Alikuwa fundi wa kiwanda cha familia tangu enzi za marehemu, na alijua kila bolti aliyokaza. Lakini kujua si sawa na kuwa na ushahidi. Kuanzia hapo Pritesh aliendesha polepole kiasi kwamba waendesha baiskeli waliwapita na kuwapungia mkono. Noela alipiga hesabu ya umbali kwa mwendo ule. Wangefika Geita jua likizama.

Karibu na Nyarugusu walikuta gogo limelazwa barabarani. Filimbi ililia upande mmoja, nyingine ikaijibu. Wanaume kama ishirini walitoka kwenye mashamba, wengine na pinde, wengine na marungu.

“Majambazi,” Pritesh alinong’ona, mkono kwenye gia.

“Majambazi hawapigi filimbi. Ni sungusungu, walinzi wa kijiji.”

“Gogo lenyewe dogo. Gari hili linaliruka.”

“Gari litaliruka. Na tela?” Noela alikuwa ameshafungua mlango. “Wakipiga mwano, ule ukelele wa hatari, kijiji kinachofuata kitajua kabla hujabadili gia, na kile cha mbele yake. Huko hawataweka gogo moja. Zima gari, Pritesh.”

Pritesh alilizima.

Noela alishuka mikono ikiwa wazi, akasalimu kwa Kisukuma. “Mwadila, baba.”

“Mwadila, mayu.” Aliyejibu, akimwita mama kwa lugha hiyo, alikuwa kamanda wao, Maganga, mwembamba, mwenye koti la mvua siku isiyo na wingu. Alikuwa na adabu na hakuwa na haraka. “Mmebeba ng’ombe wangapi?”

“Hatuna ng’ombe.”

“Tumesikia kwato tangu mkiwa kule mtoni.”

“Ndani mna gari tu.”

“Gari lenye kwato?” Vijana walicheka. Maganga hakucheka. “Mayu, juzi mjane mmoja wa hapa aliamka zizi likiwa tupu. Alama za matairi zilifika barabarani, na waliokutana na gari hilo walisema lilikuwa la boksi, halina dirisha. Sasa na wewe umekuja na boksi lisilo na dirisha, linakwenda mwendo wa kunyata, na ndani linapiga teke. Ungekuwa mimi ungefanyaje?”

Noela alilipima swali bila upendeleo. “Ningefungua.”

Pritesh alishuka na ufunguo. Alifungua kufuli, akaushusha mlango, na kiazi kimoja kilibingirika mpaka miguuni mwa kamanda.

Nyuma ya Subaru, kutoka sakafuni hadi kifuani, palikuwa na sufuria nne kubwa za shughuli zilizofungwa kwa vitambaa, madumu ya maji, kreti za soda, gunia la viazi, gunia la mkaa na majiko mawili ya chuma. Sufuria moja ilikuwa imejinasua na ilikuwa ikigonga ubavu wa boksi.

“Kwato hizo,” mtu alisema.

“Na gari kweli limo! Limepanda gari!”

“Linaumwa?”

“Linakwenda kukimbia,” Bujiku aliwaeleza.

“Kukimbia, nalo limebebwa? Dume langu lenyewe linakwenda shamba kwa miguu.”

Hata Maganga aliinamisha uso kuficha kicheko. Bujiku hakungoja kicheko kiishe. Alizunguka mbele, akafungua kiungo, akakamata pua ya tela kwa mikono miwili na kuinyanyua peke yake mpaka kiunoni. Akaishikilia hapo, akimtazama Pritesh.

“Jana tulikuwa watatu,” alisema. “Springi zangu zinasemaje sasa, bosi?”

Pritesh alimwendea. “Zinasema nimekosea. Nisamehe, Bujiku.”

“Mama hakujua,” Bujiku alisema, akiishusha pua taratibu. “Kwenye lori weka popote. Lori halijali.”

Ilikuwa kweli. Mzigo wote ule, uliopakiwa usiku kwa ufunguo wa jikoni, ulikuwa nyuma ya ekseli, na kila kilo iliyokaa mkiani iliipunguzia pua uzito. Springi nzito zilificha kosa, kwa sababu VX ilisimama sawa ikiwa na mzigo wa pua au bila mzigo. Mbele ya ekseli kulijaa Subaru, na kuisogeza nyuma ili kupisha mzigo ule wote kungeinyima pua uzito vilevile. Ndani ya VX kulijaa matairi. Madumu mawili yangeweza kubanwa miguuni mwa Bujiku. Vingine vyote vilipaswa kubaki.

“Ni chakula cha Mama,” Pritesh alisema. Alisimama na mikono yake juu ya kifuniko. “Ameanza kupika tangu juzi. Siwezi kukitupa barabarani.”

“Nani amesema tukitupe?” Noela alisema. “Alisema tuwagawie wenzetu. Hawa wamekesha.”

Pritesh alimgeukia Maganga na kumkaribisha. Kamanda alitikisa kichwa.

“Sungusungu hali cha mtu anayemchunguza. Tukianza hivyo, kesho mwizi atakuja na pilau.”

“Basi tumalizie uchunguzi,” Noela alisema.

Maganga aliingia ndani ya tela, akainama chini ya Subaru, akafungua buti, akanusa sakafu. Alitoka, akapiga filimbi mara moja, na watu wakanyamaza.

“Boksi hili halijawahi kulala ng’ombe,” alisema kwa sauti ya kusikika na wote. “Hawa si wezi.” Kisha akaegemeza upinde wake kwenye gurudumu na kunawa mikono. “Sasa ni wageni. Kuna nini humo?”

Pritesh alipakua mwenyewe, kama mama yake angetaka: chapati za methi, yaani majani ya uwatu, dengu, viazi vya bizari, wali wa njegere. Wanawake walikuja na sahani. Mtu alitaka kuwazawadia kuku, Noela akaeleza kwamba nyumbani kwa mwenye chakula hawali kitu kilichokuwa na macho. Maganga alilifikiria hilo huku akitafuna.

“Na bado kina ladha hii?” alisema.

Sufuria, majiko na magunia vilibaki nyumbani kwa kamanda. Bujiku alijaribu tena kuinyanyua pua peke yake. Safari hii haikusogea. Walipoondoka, tela lilifuata kama mtoto aliyeshikwa mkono, na Pritesh alifika Geita wakaguzi wakiwa bado kwenye meza yao. Noela aliandika jina lake kwenye orodha ya wanaoanza kwa herufi kubwa, kama anavyoandika kwenye ramani. Kesho yake alisoma kona zote za siku ile na kukosea moja. Hawakushinda. Walimaliza, wakiwa katikati ya orodha, bampa la mbele likiwa limefungwa kwa kamba.

Wakati wa kurudi walipitia kwa Maganga. Ng’ombe wa mjane walikuwa wamepatikana, wawili pungufu. Sufuria zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu mpaka zikang’aa, na hakuna iliyorudi tupu: zote zilijaa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Noela alichagua mwenyewe pa kuzipakia, mbele, na kwa kuwa mzigo sasa ulikuwa mdogo, Subaru ikasogezwa nyuma kidogo kuzipisha.

Mamta alizikuta uani, akafungua moja, akaonja kipande. Pritesh alimweleza yote, pamoja na mteremko wa Kakola, kwa sababu Noela alikuwa amesimama pale na asingekubali kingine. Mama alichukua kipande kingine.

“Walishiba?” aliuliza.

“Walishiba, Mama.”

Hakuuliza lingine. Mashindano yaliyofuata yalikuwa Mwanza. Jioni ya kuamkia safari Pritesh alisikia chuma kikiburutwa uani, akatoka. Bujiku alikuwa ameitua pua ya tela juu ya mizani ya pamba. Mamta alisimama na miwani yake, sufuria kubwa ikiwa mikononi mwa mpishi wake aliyesimama ndani ya tela.

“Mbele zaidi,” alikuwa akisema, macho kwenye mshale wa mizani. “Bado. Mbele. Hapo hapo, usiitoe.”

Kisha akamwita Noela aje asome mizani.