Supu ya Mzazi

Tangu bahari imchukue Issa, samaki hakuingia tena jikoni mwa mamake, Mbeyu. Mwanzoni kijiji kizima cha Munje kilisusa samaki, maana maiti haikuonekana, na nani ajuaye samaki yupi amekula nini? Lakini njaa haina haya. Arobaini ilipopita, watu walirudia nyavu na vikaango vyao. Mbeyu peke yake alikataa. Hata dagaa wakikaangwa kwa jirani, yeye alikwenda kutapika nyuma ya nyumba.

Na huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa pweza miongoni mwa wanawake wa pwani ile. Chuma chake cha kuchokolea sasa kilikuwa kikiota kutu darini.

Kisha Husna, mjane wa Issa, akajifungua mtoto wa kiume, na maziwa hayakutoka. Kitoto kilivuta ziwa kavu, kikalia, kikachoka hata kulia. Maziwa ya kopo kutoka Ukunda kiliyatapika yote. Uji wa pilipili manga alioupika Mbeyu haukufaa kitu. Ndipo Twaiba, mkunga, akalisema lile ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka: mzazi asiyetoka maziwa hupewa supu ya pweza.

Mbeyu akamuuliza kama amesahau. Pweza ala kaa, na kaa ala mizoga.

"Sikusahau, dada," Twaiba akajibu. "Baharini kila mmoja amla mwenziwe. Lakini mwana huyu hajala kitu."

Mbeyu akapanda darini. Maji yalipokupwa, alishuka mwambani na chuma chake. Macho yalikuwa bado yanaijua kazi: penye maganda ya kaa mlangoni mwa shimo, pweza yumo ndani. Aliyatazama maganda yale hadi miguu ikamfa ganzi. Kisha akachokoa.

Pweza sharti apigwe ndipo alainike. Mbeyu alimpiga juu ya jiwe, akaendelea kumpiga hata baada ya kulainika, huku akilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya matanga. Wanawake waliokuwa wakiokota kombe walimwacha alie.

Jioni Husna alilinusa bakuli, akamtazama mkwewe. Yeye pia alijua.

"Mama, nitainywaje?"

"Kwa bismillahi," Mbeyu akasema. "Kama yumo, amekuja kumlisha mwanawe."

Husna akanywa, machozi yakimdondokea bakulini.

Asubuhi maziwa yakashuka. Kitoto kilinyonya kwa pupa hadi yakakitiririka kidevuni. Mbeyu akayafuta kwa kidole. Kidole kile hakukiosha mpaka adhuhuri, udhu ulipomlazimu, na hapo alikiosha taratibu, mara tatu, kama anayemwosha mwanawe ambaye hakupata kuoshwa na mtu.