Friji la Bi Shamimu

Restuta alishuka kwenye bodaboda pale kijijini Sudi saa nane mchana, begi la vifaa likimkata bega. Hiyo ilikuwa nyumba ya nne aliyoitwa kutengeneza umeme tangu asubuhi, na hakuwa amekula kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Friji langu linapiga shoti." Bi Shamimu alionyesha ndala za mpira zilizokaa mbele ya friji. "Bila hizi siligusi, mwaka wa pili huu. Juzi mjukuu wangu Nusaiba kaligusa peku, likamrusha mpaka ukutani. Nikaona hapana, nikakupigia."

Restuta alizima mein swichi, akahakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, akalivuta friji. Nyuma, karibu na mota, waya mmoja ulikuwa umesuguliwa hadi ganda likaisha, shaba inagusa bati. Akaubadilisha. Lakini hata waya ukichunika, shoti isingemfikia mtu kama ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, ingekuwa inafanya kazi: umeme ungekimbilia ardhini, na swichi ingejizima yenyewe.

Akafungua soketi. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulikuwepo. Akaufuata hadi kwenye mein swichi, kisha nje ya nyumba. Nyuma ya jiko uliishia hewani, umekunjwa mara tatu na kuzungushiwa utepe mwekundu.

Alikaa chini palepale. Mkunjo ule aliujua. Ulikuwa wa mkono wake.

Miaka saba nyuma, akijifunza kazi kwa fundi mmoja wa Lindi, walifunga umeme nyumba kumi na mbili za mtaa huu kwa siku tano. Nondo za ethi, zile za kupigilia ardhini, ziliwaishia. "Kunja, tutarudi," fundi alisema. Hawakurudi.

"Mama," alisema, "waya huu niliukunja mimi. Tuliondoka bila kumaliza."

"Ndiye wewe yule binti mwembamba?" Bi Shamimu aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Na mimi miaka miwili nalilaumu friji." Aliingia ndani, akarudi na ndoo ya maji ya kulainisha ardhi.

Chini kulikuwa na mawe matupu. Nondo ya shaba aliyoitoa kwenye begi iligoma mara mbili. Mara ya tatu, hatua chache pembeni, ikazama polepole huku malengelenge yakimpasuka viganjani. Alipomaliza kufunga waya na kupima, adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Akawasha umeme, akapima bati la friji. Halikuwa na umeme. Ndipo akaliwekea kiganja.

"Limenyamaza," alisema.

"Alhamdulillahi."

Restuta alikunywa maji akiwa amesimama, maana alijua akikaa hatainuka tena.

"Majirani je, vyombo vyao haviwapigi?"

"Kwa Abdurahmani pasi inawapiga. Kwa Jafari sijui."

Zilibaki nyumba kumi na moja walizozifunga bila nondo. Kwenye begi ilibaki nondo moja. Akaokota nyundo, akauliza kwa Abdurahmani ni mlango upi.