Kengele ya Kőszeg

Mpaka basi linaingia Kőszeg, Lőrinc alikuwa ameshamchukia Vendel miji mitatu mizima, na sura yake hajawahi kuiona.

Safari ilikuwa wazo la mkewe, Hajnal. Walioana msimu wa mavuno ya zabibu, na baridi ilipokwisha mwanamke akasema yeye hataki hoteli wala ufukwe. Anataka begi mgongoni, mabasi ya njano, na miji midogo ya magharibi iliyo jirani na alikozaliwa. Wakaanzia Pápa, wakaenda Sümeg, wakalala Sárvár. Ndani ya basi walikaa kiti cha nyuma, mabegi miguuni, Lőrinc akisinzia begani kwa mkewe mpaka dereva atangaze mji. Ingekuwa raha tupu kama si lile jina.

Pápa, mbele ya kasri: "Hapa Vendel alitumbukia bwawani tulipokuja na shule." Sümeg, wakihema kwenye mlima wa ngome: "Vendel angekuwa ameshafika juu zamani." Sárvár, wamejilaza kwenye bwawa la maji ya moto, mtu ametulia na mkewe, mke anacheka peke yake: "Nimemkumbuka Vendel, alikuwa anaogopa maji kama paka."

"Huyu Vendel ni nani hasa?" Lőrinc aliuliza, akijifanya hajali.

"Mpenzi wangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Lőri, yeye uso mzima chunusi. Siku hizi analima zabibu. Nimemwambia tunakuja, nataka umwone."

Mume mwingine angecheka. Lőrinc hakuzisikia zile chunusi. Alisikia "mpenzi" na "wa kwanza", na maneno hayo hayakumtoka tena.

Kőszeg ndiko Hajnal alikozaliwa, akaishi huko mpaka wazazi walipohamia Szeged, na huko ndiko alikozikwa bibi yake. Asubuhi ile waliyofika, baada ya chai, alifunga kitambaa kichwani, akavaa begi lake mgongoni, akanunua maua na brashi ya kusugulia jiwe la kaburi.

"Nije nikusaidie?" Lőrinc aliuliza.

"Acha leo niende mwenyewe, nina maneno na bibi. Wewe kaangalie ngome. Tukutane mbele ya Mnara wa Mashujaa kengele ikilia. Halafu tutapanda basi la jioni la Sopron. Sawa?"

"Sawa."

Kengele ikilia. Lőrinc ni mtu wa Makó, kule kwenye vitunguu, na kwao kengele ya kanisa hulia saa sita kamili mchana. Alipokwenda Szeged ilikuwa hivyo hivyo, na Budapest pia. Kwa hiyo akaweka moyoni saa sita, wala hakuuliza.

Ngome aliingia, lakini hakuona kitu. Alisimama mbele ya panga na kofia za chuma huku kichwani anamwona mkewe amekaa juu ya kaburi na mkulima mmoja wa zabibu mwenye mabega mapana. Maneno na bibi! Tangu lini bibi aliyekufa miaka kumi iliyopita akahitaji faragha? Akatoka mbio mbio na kwenda kujificha katika mkahawa unaotazamana na mnara, nyuma ya pazia la dirisha, ili amwone mkewe anatokea upande gani na anatokea na nani. Akaagiza kahawa, akaisahau mezani.

Hajnal alitokea mapema mno, tena peke yake. Lőrinc alikaribia kuona haya. Kisha kengele ikaanza kulia, nzito na ndefu, nayo ilikuwa saa tano tu. Kuna msiba, alijisemea, na hapo hapo akaisahau kengele, kwa sababu mwanamume mmoja alikuwa anavuka uwanja na chupa ya divai mkononi.

Hakuwa na chunusi hata moja. Alikuwa mrefu, amechomwa na jua, anatembea kama uwanja mzima ameurithi. Hajnal akamkimbilia. Wakakumbatiana, wakabusiana shavu hili na shavu lile, na Lőrinc akalivuta pazia karibu na uso.

"Ndiyo maana," alinong'ona. "Mimi kaniambia saa sita. Huyu kamwambia saa tano."

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Hajnal aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, akachungulia hadi chini ya tao la mnara. Mwizi, alisema Lőrinc, anaogopa kukamatwa. Vendel alitaka kuifungua ile chupa, Hajnal akamzuia mkono. Wanaitunza, alisema Lőrinc, wanainywea kwingine nikishaachwa njia panda. Wakakaa kwenye benchi. Vendel akatoa mkate mdogo wa chumvi, akaukata vipande viwili. Kipande cha Hajnal kilibaki mkononi, hakukila. Mapenzi hayo, alisema Lőrinc, hata njaa hasikii.

Kisha Hajnal akatoa simu, na simu ya Lőrinc ikatetemeka mfukoni mwake.

Aliitazama. Jina la mkewe liliwaka. Akamtazama mwenyewe ng'ambo ya uwanja, simu sikioni, kidole gumba mdomoni. Anataka kujua niko mbali kiasi gani, aliwaza, na akaizima simu kabisa. Alijiona mjanja. Alijisikia vibaya kupita siku zote za maisha yake, na bado hakuinuka, kwa sababu alitaka kuona mpaka mwisho.

"Kahawa imepoa, baba. Nikuletee nyingine?" aliuliza mama wa mkahawa.

"Niache."

Mama akamwacha. Kule nje Vendel alivua koti, akamfunika Hajnal mabegani, maana upepo wa milima ya Austria hauna adabu hata majira ya maua. Lőrinc akauma ndani ya shavu. Alitazama kila kitu, na mishale ya saa ukutani ilipokutana juu kabisa alilipa, akavuta pumzi, akatoka kama hakimu anayeingia mahakamani.

Hajnal alimwona wa kwanza. Aliruka kutoka kwenye benchi, koti likaanguka chini, akamkimbilia na kumshika mikono yote miwili.

"Lőri! Mungu wangu, nilidhani umeanguka huko ngomeni! Ulikuwa wapi?"

"Pale." Akaonyesha dirisha. "Nimewaona. Tangu huyu bwana anakuja. Kumbatio, chupa, koti, vyote nimeviona. Mimi unanipa saa sita, yeye unampa saa tano. Mnanionaje, mtoto?"

Hajnal hakuelewa. Vendel ndiye aliyeelewa, akaangua kicheko, kicheko kizuri tu cha mtu asiye na kinyongo.

"Wewe kaka ni wa wapi vile? Makó? Basi pole! Huku kwetu kengele yetu inajulikana ni ya saa tano. Waturuki walipouzingira mji huu walifungasha wakaondoka saa hiyo, na mpaka leo tunailiza. Hajnal, hukumwambia mumeo?"

"Nilisahau kama kuna wasiojua," alisema Hajnal polepole. "Nilitaka aisikie. Nilitaka tusimame hapa watatu inapolia, halafu tufungue chupa."

Lőrinc alihisi mzigo unamshuka mgongoni. Akacheka, akampa Vendel mkono, akautikisa kwa nguvu. "Kosa la saa! Nisameheni jamani. Kosa la saa tu. Fungua chupa, ndugu yangu!"

Hajnal hakucheka.

"Saa ulikosea, hilo nimelikubali," alisema. "Lakini ulikuwa pale dirishani wakati wote?"

"Ndiyo, lakini..."

"Uliniona nikikutafuta?"

Lőrinc aliitazama simu yake iliyozimwa.

"Nilipopiga simu, uliniona?"

"Nilidhani..."

"Nilikuwa nakaribia kulia, Lőri. Vendel alikuwa ananituliza. Na wewe umekaa na kahawa yako, unanitazama."

Vendel aliokota koti lake, akaanza kusoma tangazo ukutani. Hajnal alijifuta macho kwa kitambaa cha kichwani, akamshika tena mumewe mikono, na uso wake ukalainika kidogo, maana alikuwa anampenda.

"Sikiliza," alisema. "Tusipande basi leo. Nitalala kwa mama mdogo, wewe lala kwenye nyumba ya wageni, ufikiri. Kesho kengele ikilia nitakuwa hapa. Sasa saa unaijua. Njoo, tuanze upya."

Lilikuwa jambo la kuitikia tu. Lőrinc alifumbua mdomo kuitikia, lakini lililotoka lilikuwa jina lile lile.

"Na Vendel atakuwepo?"

Hajnal aliachia mikono yake. Akaliinua begi, akalivaa mgongoni, akakaza mikanda vizuri kama anayejiandaa kwa mwendo mrefu.

"Hapana," alisema. "Hata mimi sitakuwepo."

Akaondoka kuelekea kituo cha mabasi.