Majeraha ya Nyumba za Mwangaza

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wakazi wa mtaa wa Mwangaza, nje kidogo ya Merigi, hufanya usafi. Saa mbili kamili asubuhi kila nyumba hutoa mtu mmoja mwenye fagio, jembe au fyekeo, na asiyetokea jina lake hubandikwa kwenye ubao wa geti. Ubao huo ulikuwa mikononi mwa Rodah, mwalimu wa darasa la nne na katibu wa chama cha wakazi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata waliotajwa kwa ubaya walisimama kuusoma.

Nyumba zenyewe ni kumi na nne. Zilijengwa juu ya shamba la chai ambalo wana wa marehemu mzee Kiptanui walilikatakata wakaliuza kwa ploti. Michai iling'olewa, ikaja saruji. Wachumaji wa mashamba ya ng'ambo ya bonde walikuwa wakipita hapo tangu zamani, kwa hiyo chama kiliweka geti na kibao cha kuwakataza. Hapo ndipo Mwangaza ikaanza kujiita mtaa wa watu wenye mpango.

Mwezi wa sita kukazuka wezi wa kuvua vitu madirishani. Walitumia fimbo ndefu yenye ndoano ya waya, wakaipenyeza kwenye vyuma vya dirisha, wakaondoka na simu ya huyu na suruali ya yule. Suruali moja ilikuwa ya mwenyekiti, Gibson Kipkurui, askari jela mstaafu, na ilikwenda na kitambulisho chake. Wiki hiyo hiyo Gibson aligawia kila nyumba firimbi, na Rodah akaandika kanuni. Firimbi ikilia, kila mtu atoke na kitu mkononi. Na tangu firimbi ilie, kwenye grupu la WhatsApp asiandike yeyote ila mwenyekiti, mpaka hali itulie. Kanuni hii ya pili ilikuwa wazo la Rodah mwenyewe. Alikuwa amechoshwa na watu wanaotuma maombi na picha za maua wakati wa hatari, na alijivunia sana kuwanyamazisha.

Jumamosi ya usafi ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, Priscillah mwenye duka la dawa alituma picha kwenye grupu. "Nani anamjua huyu? Ako hapa kwa ukuta wa namba sita."

Rodah alikuwa akichemsha maziwa. Aliikuza picha kwa vidole viwili. Palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu mwanamume mwembamba aliyejifunga nailoni kiunoni, gunia mgongoni, fimbo mkononi. Fimbo haikuwa na ndoano. Ilikuwa imeambuliwa maganda, imenyooka, na katikati iling'aa kwa kushikwa. Wachumaji huilaza fimbo kama hiyo juu ya michai. Jani lililo juu yake huchumwa, lililo chini huachwa likue. Rodah aliishika ya kwake kila likizo ya shule mpaka kidato cha nne, akimfuata mama yake mstari kwa mstari, na hakuhitaji kuikuza picha mara ya pili.

Aliandika, "Huyo ni mchumaji. Hiyo ni fimbo ya chai." Kabla hajatuma, firimbi ikalia.

Kanuni ilikuwa yake. Lakini tusimpambe, haikuwa kanuni peke yake. Wiki iliyotangulia alikuwa amesema mkutanoni kwamba si kila mgeni ni mwizi, na Nganga mwenye duka la hadiwea akamuuliza, "Kwani hao wezi ni binamu zako, mwalimu?" Watu walicheka mpaka viti vikalia. Rodah aliogopa kuchekwa tena. Akafuta maneno yake herufi kwa herufi, na maziwa yakafurika jikoni.

Nje walikuwa wameshamzunguka. Gibson ndiye aliyeanza, kwa rungu lake la kazi, akamvunja goti la kushoto. Mtu yule alianguka akasema, "Naitwa Nyabuto. Naenda kwa Mama Jerusa kuchuma majani. Muulizeni Jerusa." Shamba la Jerusa lilionekana kutoka pale, mita mia mbili tu, ukungu ukipungua. Nganga alimpiga mdomoni kwa kipande cha bomba, na meno yakaruka mpaka kwenye mtaro. Nyabuto akalitaja jina lake tena, safari hii bila baadhi ya herufi. Priscillah aliokota jiwe la kuegemezea geti, akalishika kwa mikono miwili, akampiga jicho la kulia. Waliobaki waligawana mbavu. Mwenye namba nne, aliyechelewa kutoka, alipata nafasi ya teke moja tu mgongoni. Yote yalichukua dakika kumi na moja.

Kwa kuwa ilikuwa siku ya usafi, hapakuwa na haja ya kuita watu upya. Walimwaga maji na sabuni, wakasugua, wakafyeka ukingo wa mtaro. Polisi walikuja saa nne wakaandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wasiojulikana, kisha wakanywa chai ya maziwa kwa Gibson. Fimbo ilibaki chini. Rodah aliichukua akaiweka stoo kwake, kwani vitu vilivyookotwa mtaani huhifadhiwa na katibu.

Jumatatu nyumba ya Gibson ilipiga goti. Nguzo ya mbele upande wa kushoto ilikunjika katikati, na nyumba nzima ikaegemea upande huo. Saruji ilipopasuka ukaonekana mfupa. Nyumba ya Nganga iling'oka vioo vyote vya safu ya chini, na damu ikawa inatiririka kutoka kwenye mfereji wa paa, nyingi asubuhi, kidogo mchana. Dirisha la kulia la Priscillah lilivimba, likageuka zambarau, likafumba. Nyumba nyingine zilivunjika mbao za dari, moja baada ya nyingine, kwa mlio unaosikika barabarani. Namba nne ilipata alama moja ya kiatu ukutani nyuma, rangi ya buluu, na mwenyewe alishukuru Mungu kwa kuchelewa.

Kila siku saa kumi na mbili na dakika tano nyumba ziliugua kwa sauti kwa dakika kumi na moja. Wenye watoto wa shule waliacha kutega saa.

Chama kilikutana Jumatano. Nganga alisema bomba la kuzuia damu analo dukani. Priscillah aliahidi dawa ya kupaka, kwa ndoo. Gibson, aliyekaa amejipinda ili alingane na sakafu yake, alisema tatizo la mtaa si majeraha, tatizo ni kwamba kila nyumba ina lake. "Mgeni akipita hapa ataona nini? Atasoma kila mtu na kitu alifanya," alisema. "Tupake rangi ya maruni zote. Kutoka chini mpaka juu."

Wakakubaliana maruni. Rodah aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano.

Nyumba yake haikuwa na alama hata moja, na ilitajwa kwenye kikao kuwa ya mfano. Kilichotokea kwake hakikuonekana kwa haraka. Siku ya Jumanne mlango wa mbele ulikuwa mzito. Alhamisi fremu ilikuwa imeungana na ukuta pande zote mbili, na ufa uliobaki haukupitisha hata karatasi. Ijumaa hapakuwa na mlango, palikuwa na ukuta. Mlango wa nyuma ulifuata jioni yake, na madirisha ya vyumbani yakafuata mlango. Rodah akaweka stuli ya kukamulia maziwa chini ya dirisha la jikoni, ambalo hakuwahi kulitia vyuma, akawa anaingia na kutoka hapo. Alikwenda shule na vumbi la chokaa magotini. Hakuna aliyemuuliza.

Jumapili alasiri alikuja mwanamke aliyevaa sweta ya shule ya mwanawe. Alisimama mbele ya kila nyumba kwa muda. Kwa Gibson alilishika lile goti, akatikisa kichwa. Kwa Priscillah aliitazama ile zambarau. Alikuwa ametoka mochari siku hiyo, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Alipofika kwa Rodah alizunguka nyumba yote akitafuta mlango, akatokea dirishani jikoni.

"Hodi, mama. Mimi ni Bitutu, bibi ya Nyabuto."

"Karibu," Rodah alisema, kwa mazoea, maana hapakuwa na pa kumkaribishia.

"Hapa kwako walimpiga wapi? Sioni."

"Hapa hatukumpiga."

Bitutu alifikiria hilo. "Polisi wananiambia alikuwa na fimbo ya kuibia madirisha. Wanasema faili imefungwa, na fimbo ilibaki huku kwenu. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi mpaka kanisani. Mimi sikuja kugombana, mama. Nataka hiyo fimbo niwapelekee waone ni ya chai. Na nataka mtu mmoja wa hapa aseme ni ya chai. Mmoja tu. Mimi nikisema wanasema ni bibi yake."

Aliitazama mikono ya Rodah iliyoshika ukingo wa dirisha. Kidole gumba na cha shahada vya mchumaji wa tangu utotoni haviwi kama vya watu wengine; kucha hukua na ukingo wa upande.

"Wewe umechuma," Bitutu alisema.

Fimbo ilikuwa hatua nne nyuma ya Rodah, kwenye stoo. Angeweza kuifikia na kurudi nayo mara moja. Moyo wake ulimtuma aende, miguu ikakaa. Ng'ambo ya barabara Gibson alikuwa ametoka, ameegemea nguzo yake ya mfupa, anatazama.

"Rudi Jumanne asubuhi," Rodah alisema. "Nitakupa fimbo. Na nitaenda na wewe polisi, nitasema."

"Jumanne," Bitutu alisema. Alimshukuru kwa mikono miwili kupitia dirishani, na mikono yake ilikuwa baridi sana.

Jumatatu jioni, kabla giza halijaingia, Gibson alikuja dirishani na karatasi. Aliomba ile fimbo, na Rodah akampa, kwa sababu mwenyekiti akiomba kitu cha chama katibu hutoa. Gibson alitoa mfukoni waya na koleo. Alipinda ndoano nzuri, akaifunga kwenye ncha ya fimbo mara tano, akaikaza kwa meno. Aliifanya kazi hiyo juu ya ukingo wa dirisha la Rodah, mbele ya macho yake, akimuuliza huku na huku kuhusu matokeo ya darasa la nne.

"OCS wa kituo cha polisi anataka ripoti ya chama," alisema. "Ni kuweka sahihi tu, mwalimu. Hapo chini."

Ripoti ilisema fimbo yenye ndoano, ya kuvulia vitu madirishani. Rodah alisoma yote. Alikuwa na aibu mpaka masikio yakamwaka, na aliiona aibu hiyo vizuri, akalijua jina lake. Akaweka sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Gibson alipoondoka na fimbo begani, dirisha lilikuwa limebaki upana wa sahani, na Rodah alipozima moto wa jikoni lilikuwa limebaki upana wa kikombe. Aliliziba kwa kitambaa kuzuia baridi. Asubuhi kitambaa kilikuwa kimeshikwa ndani ya ukuta.

Jumanne saa moja Bitutu alifika getini. Alikuwa amekuja mapema asimcheleweshe mwalimu kwenda shule. Aliizunguka nyumba ya Rodah akitafuta dirisha la jikoni, akapapasa ukuta mahali lilipokuwa, akapapasa juu, akapapasa chini. Ndivyo Nganga alivyomkuta. Alimwona mtu asiyemjua anapapasa ukuta wa mwalimu, akapuliza firimbi.

Rodah aliisikia. Alishika simu ili aandike kwenye grupu, kanuni au si kanuni, na simu haikuwa na mtandao hata kidogo, kwa sababu kuta zilikuwa zimenenepa usiku kucha. Akapiga kelele. Alisema, "Ni mgeni wangu. Ni bibi ya Nyabuto. Mimi nilimwambia arudi." Alisema ile fimbo ilikuwa ya chai, ndoano aliifunga Gibson, na yeye alijua tangu picha, kabla ya pigo la kwanza, alijua. Alisema yote bila kuruka, kwa sauti ya darasani ambayo watoto sitini huisikia. Aliugonga ukuta kwa sufuria mpaka mpini ukavunjika. Nje alisikia miguu ikikimbia kutoka pande zote, kisha akasikia yale mengine.

Bitutu hakufa. Alitolewa kwa toroli mpaka barabarani, na mwenye pikipiki mmoja akampeleka hospitali bila kumdai. Jumatano nyumba za Gibson na Nganga ziliota majeraha mapya, mkono uliovunjika na sikio lililopasuka, lakini rangi ya maruni ilikuwa imeshanunuliwa na ikatosha. Walipaka Jumamosi. Walipaka na ya Rodah, pande zote nne, na Priscillah akasema ndiyo iliyopendeza zaidi, haina mlango wala dirisha la kuzungushia brashi.

Chama kilimchagua Shirley wa namba kumi na moja awe katibu wa muda. Ukuta wa Rodah hutetemeka kidogo mchana kutwa, na una joto. Asubuhi za baridi watoto wa Mwangaza huegemeza hapo migongo yao, na mifuko yao ya vitabu, wakisubiri basi la shule.